Mstari Mwekundu wa Msikiti Wetu

Nichekeni, lakini polepole, maana haya bado haijanitoka.

Jumamosi iliyopita tuliwaalika watu wa mtaa wetu hapa Rumonge, kando ya ziwa, Waislamu kwa Wakristo, waujue msikiti wa zamani uliojengwa na babu zetu. Mimi, fundi cherehani, ndiye niliyechaguliwa kueleza. Nikajishonea kanzu nyeupe pe, nikafika mapema, nikakaa barazani nimeegemea ukuta.

Watu walipojaa, wakauliza juu ya ule mstari mwekundu unaouzunguka ukuta wa nje. Sikujua habari zake, kwa kuwa mimi nikishasali hurudi mbio kwenye cherehani. Lakini fundi hakosi jibu. Nikasema ni rangi waliyoileta wajenzi kutoka ng'ambo ya ziwa, wakafa na siri yake. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikavimba, nikageuka kuwaonyesha mlango.

Kicheko kikaanza nyuma yangu.

"Baba Hawa," akasema shangazi yangu, "hiyo siri iko mugongoni kwako."

Nikaivuta kanzu. Mstari ule ule, unanuka mafuta ya mawese.

"Ni migongo ya wakamuaji," shangazi akawaeleza watu. "Wakitoka kukamua mawese wanaegemea hapa kungoja magharibi, mpaka leo. Babu yake aliegemea, baba yake pia. Huyu alikuwa bado."

Imamu akaniletea kanzu safi. Nikaikataa. Nilimaliza kueleza nikiwa nimewapa watu mgongo, wauone vizuri.