Mkwe Aliyeniona Nikila Kichwa cha Ngege

Tangu binti yangu aolewe upande wa Kenya, mkwe wangu alikuwa hajaniona nikitafuna. Sisi Wasamia ndivyo tulivyo: mama mkwe na mkwe hawali mbele ya macho ya mwenzake. Akija kwangu Lumino, huku Uganda, yeye anakula sebuleni, mimi jikoni, mlango umefungwa. Tukikutana njiani nashuka kwenye majani, nampa mgongo, tunasalimiana kila mtu akitazama kwake. Wanawake wa kanisani kwetu, hakuna aliyeyashika mambo hayo kunishinda. Niliwaambia hivyo mimi mwenyewe.

Basi mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu cha Busitema akaja na simu. Anapiga video za maisha ya nyumbani, anaziweka mtandaoni: leo kukhu anapepeta wimbi, kesho kukhu anagombana na mbuzi. Kukhu ni bibi, na bibi ndiye mimi. Shule niliiacha kabla haijanizoea, lakini siku hizi nikienda Tororo watu wananisimamisha sokoni kunishika mkono. Nikaanza kufunga kitambaa kizuri hata kwenda kuchota maji.

Jumapili moja tumetoka kanisani, nimekaa chini, miguu nimenyoosha, kitambaa nimekitupa huko, nakula kichwa cha samaki, ngege mkubwa wa ziwani. Kichwa cha samaki hakiliwi kwa adabu. Nilinyonya jicho, nikafyonza mifupa mpaka ikalia, nikalamba mkono hadi kiwiko.

"Kukhu, usiache! Hii watapenda!" mjukuu akasema nyuma ya simu.

Wakapenda. Kesho yake binti yangu akapiga simu, analia.

"Mama, mume wangu amekuona ukila."

"Ameniona wapi? Mimi nilikuwa kwangu."

"Kwenye simu. Anaona haya, anasema hawezi kukanyaga huko tena. Sasa watoto nitakuwa nawaleta peke yangu kama mjane?"

Miaka yote hiyo nimejificha jikoni na ugali uliopoa, halafu nimfukuze mkwe kwa kichwa cha samaki! Nikamgeukia mjukuu.

"Njiani nikimwona naingia majani. Haya, kwenye simu majani yako wapi?"

Akacheka. "Yapo, Kukhu. Unasukuma juu na kidole, huyo mtu anapita."

Mimi sikucheka. Nikampigia binti yangu.

"Muulize mumeo, aliponiona, alisukuma?"

Akamuuliza. "Hakusukuma, Mama."

"Muulize alitazama mpaka wapi."

Nikasikia minong'ono, kisha binti akarudi na sauti ndogo. "Mpaka mwisho, Mama. Halafu akawatumia ndugu zake."

"Ehee! Mimi sikujua yuko pale. Yeye alijua mimi niko. Nani hakushuka njiani? Mwambie alete mbuzi wa kuondoa aibu, kama wakwe wengine wanaokosea."

Jumamosi mbuzi akaja, na mkwe nyuma yake, macho kwenye kwato. Alikula sebuleni, nikala jikoni, mlango umefungwa. Mjukuu na simu yake nikawaacha nje.

Video sikuacha, watu wa Tororo wangenisahau. Ila sasa kabla sijatia kitu mdomoni natazama simu na kusema, "Mkwe wangu, kama uko hapo, pita."

Binti yangu anasema mumewe akisikia hivyo anaguna, anampa simu, anageukia ukuta.

"Maliza wewe," anamwambia, "halafu unisimulie."