Bibi wa Kyela na Kinu cha Kijapani

Juzi nilitoka kazini Saint Paul, hapa Minnesota, na badala ya kushika barabara ya kurudi kwangu Blaine, nikajikuta nimekata kona kuingia mtaa tuliokulia. Sikuwa na shida yoyote kule. Theluji ilikuwa imeanza kudondoka, na theluji ya kwanza hunifanyia hivyo kila mwaka. Nyumba yetu imepakwa rangi nyingine, na ya jirani imewekewa mlango mpya wa gereji. Nikasimamisha gari pembeni, nikautazama mlango ule nikacheka peke yangu, maana humo ndani, rafiki yangu, ndimo siku moja nilipomwona bibi yangu akipata ushindi.

Bibi, mzaa mama, alitoka Kyela kuja kutulea, wazazi wangu walipokuwa wakipishana zamu kazini. Kyela unaijua kwa mchele. Alikuwa ameulima mpunga, ameuvuna na kuutwanga tangu usichana wake, na alikuwa na la kusema kuhusu wali wa kila nyumba aliyokanyaga. Kiingereza hakukijua, na baridi ilimfungia ndani kama kuku anayeatamia.

Jirani yetu alikuwa mama mzee wa Kijapani, mjane. Siku moja alituletea matonge ya wali yaliyozungushiwa mwani mkavu. Bibi akalibonyeza moja, akaona punje zimeng'ang'aniana, akasikitika kwa dhati. Maskini, alimwambia mama, mtu mzima na umri ule bado wali wake unatoka bokoboko, pengine ndiyo maana watoto wake hawaji kumtembelea. Kesho yake akapika wali wa nazi, punje mojamoja, akanituma niupeleke ili mwenzake ajifunze. Jirani akaupokea kwa mikono miwili na kuinama. Miaka baadaye alinisimulia kwamba alijaribu kuula kwa vijiti, punje zikawa zinamkimbia, akatuonea huruma: hawa wageni hawajajua bado kupima maji. Akaleta matonge mengine. Basi wakaendelea hivyo mwezi baada ya mwezi, kila mmoja akimfundisha mwenzake kupika, na mimi nikinenepa katikati.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Bibi akinisemesha Kiswahili nilimjibu Kiingereza, uvivu tu, lakini kati yake na jirani ilinibidi nifanye kazi.

Desemba moja jirani akaniambia kwamba mwaka ule hatatwanga. Zamani, kila mwaka ulipokaribia kwisha, yeye na mumewe walitwanga wali wa mchele wa kunata mpaka ukawa donge laini, wakafinyanga mikate ya mviringo, na miwili wakaipanga mbele ya picha za waliotangulia. Alinionyesha kinu gerejini, kizito, kimeng'aa ndani kwa kutumika. Kilichongwa na baba yake kambini, wakati wa vita kuu ya pili, serikali ilipowakusanya Wajapani wa pwani ya magharibi, hata waliozaliwa Marekani kama yeye, ikawazungushia seng'enge jangwani. Alikuwa mtoto. Alisema askari walikuwa mnarani na bunduki, na chini yao watu wanatwanga mikate ya mwaka mpya. Mumewe ndiye alikuwa mpigaji. Alifariki mwaka uliotangulia, maombolezo yalikuwa yamekwisha, na hii ingekuwa mara ya kwanza picha yake iwekewe mikate. Lakini nani apige? Mwanawe aliye mbali alimshauri anunue ya dukani, na kinu akifanye chungu cha maua.

Niliposimulia nyumbani, Bibi aliacha kula.

"Kinu?" akauliza. "Wapandie maua?"

Akasimama, akavaa koti la mama, akajifunga kanga juu yake. Mama akamwambia, "Mama, usitoke, uta-slip kwenye barafu, na mimi niko late kazini." Bibi akamjibu aende zake kazini, yeye hajaomba lifti.

Kwa jirani nikatafsiri kwamba yeye ndiye atakayepiga. Mchele ulilowekwa usiku ule, na asubuhi iliyofuata tulikuwa gerejini, mlango ukiwa wazi. Mvuke wa wali ulijaa mpaka darini, na harufu yake ilikuwa tamu kama ya mchele mpya. Bibi alizoea mchi wa kusimama, lakini hapa alipewa nyundo kubwa ya mti yenye mpini mrefu. Pigo la kwanza lilipiga ukingo wa kinu. Kibanzi kikarukia walini. Jirani akakitoa kwa ncha ya kidole, akachovya mkono majini, akauingiza kinuni kuligeuza donge. Bibi akashusha nyundo.

"Mwambie atoe mkono. Sikuja Marekani kuvunja watu."

Nikatafsiri. Jirani hakuutoa.

"Mwambie asiutazame mkono wangu," akasema. "Apige tu. Mimi najua pa kupita."

Nikaona uso wa Bibi unafunguka. Kwao wanawake wawili hutwanga kinu kimoja kwa kupokezana, mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka, na anayesita ndiye anayeumiza. Kumbe mkono wa jirani ulikuwa mchi wa pili. Akanyanyua nyundo na kuanza kuhema kwa sauti, hm, hm, kama anavyohema mtwangaji, na jirani akaitikia kwa mlio wa watwangaji wa kwao. Nyundo ikishuka, mkono haupo, ikipanda, mkono umeshageuza. Niliogopa, kisha nikasahau kuogopa nikaanza kupiga makofi. Majirani waliokuwa wakikwangua theluji walisimama na makoleo yao wakitazama. Donge lilitoka jeupe, laini, likivutika bila kukatika, na Bibi, jasho likimtiririka katikati ya baridi ya Minnesota, akatutazama wote kama mtu aliyetwaa nchi. Nilijivuna mpaka nikakaribia kulia.

Walitwanga kila Desemba mpaka Bibi aliporudi Kyela, alikozikwa. Jirani naye ameshakwenda. Wanawe walikichukua kinu, sijui kiko wapi, na mtaani hakuna tena anayesimama kutazama gereji ya mtu. Binti yangu anaujua wali wa Bibi kwa kusimuliwa tu. Vitu vile vimekwisha, na ninavililia, sikufichi.

Ila jioni ya siku ile ya kwanza hainitoki. Jirani alipanga mikate miwili mbele ya picha ya mumewe, mkubwa chini, mdogo juu, akapiga magoti, akazungumza Kijapani kwa muda mrefu. Bibi akaninong'oneza niulize amemwambia nini marehemu. Nikauliza. Jirani hakunigeukia mimi, alimgeukia Bibi.

"Nimemwambia apumzike," alisema. "Mpigaji amepatikana."