Kicheko cha Kundi la Msiba

Mwasiti alipoletewa habari jikoni kwamba kaka yake, mwalimu, amefariki, aliogopa huzuni isije ikamfutia kumbukumbu ya kicheko cha kaka huyo. Kaka mwenyewe, enzi za uhai wake, alikuwa akihangaikia swali kama hilo, akisugua viganja vyenye chaki: je, mwenye huzuni hukumbuka ya huzuni tu? Siku moja aligawa darasa. Kundi moja akalisimulia harusi, jingine msiba, ili kisha apime nani atakumbuka maneno mengi ya huzuni. Kundi la msiba likaangua kicheko. “Wamekumbuka watani wanavyomwigiza marehemu matangani, dada!” alimwambia Mwasiti jioni ile, hatulii kitini. “Nimeharibu jaribio langu mwenyewe. Kesho naanza upya,” akacheka mpaka akakohoa. Sasa, kando ya maiti ya kaka, Mwasiti akakisikia tena moyoni kicheko kile chote, huku machozi yakimtoka. Alimsomea Fatiha, akamfunika uso, wanaume wakalibeba jeneza kwenda makaburini.