Mama wa Rungwe Mpya na Filamu ya Magari ya Mbio

Mwaka 2014 nilikuwa nafundisha udereva Kasulu mjini. Shule yetu ilikuwa na gari moja, Corolla kuukuu yenye herufi L nyekundu mbele na nyuma, na mwalimu mmoja, ambaye ni mimi. Tajiri wa shule aliishi Kigoma. Gari likigoma kabisa alikuja mwenyewe; likigoma kidogo alitushauri kwa simu.

Breki ya mkono ya gari hilo ilikuwa pambo tu. Kwa hiyo somo la kusimama kilimani na kuondoka tulilifanya kwa jiwe. Mwanafunzi akikanyaga breki katikati ya mlima, mimi nashuka, naweka jiwe nyuma ya tairi, nasema "jiwe tayari," kisha narudi kuketi na kumweleza hatua saba za kuondoka. Niliyapenda sana maelezo yangu. Mwanafunzi akikosea hatua ya sita sikumkaripia hata siku moja. Nilimrudisha ya kwanza.

Aliyenitia shaka alikuwa mama mmoja wa Rungwe Mpya, mkulima wa maharage, mtu wa miaka arobaini na kitu. Kikundi chao cha kina mama kilikuwa kimenunua pikapu iliyotumika ya kupelekea mazao sokoni, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuiendesha. Mpaka apate leseni, usukani alikuwa nao shemeji yake, mdogo wa mumewe. Shemeji huyu alikuwa mkarimu sana kwa gari la watu. Alibeba maharusi, alibeba kwaya, alibeba timu ya mpira pamoja na mashabiki wake. Maharage yalisubiri nafasi.

Mtihani wa kwanza mama alianguka kilimani. Wa pili akaanguka palepale. Kikundi kikakaa kikao kikaamua kwamba akishindwa mara ya tatu, shemeji abaki dereva moja kwa moja.

Wiki ya mtihani wa tatu tajiri aliitengeneza breki ya mkono, kama ilivyokuwa kila mtihani, kwa sababu askari wa usalama barabarani huikagua. Lakini shida ya mama haikuwa breki. Hakuweza kuinua mguu mpaka asikie sauti yangu, na siku ya mtihani anayeketi pembeni ni askari, ambaye hana hatua saba.

Hapo nikakumbuka katuni. Nilikulia Tanga, na jirani yetu alikuwa na televisheni iliyonasa matangazo ya visiwani kwa antena iliyofungwa kwenye mlingoti mrefu. Watoto wa mtaa mzima tulijaa sebuleni kwake kumwangalia dereva wa magari ya mbio. Maneno yake yaliisha, mdomo ukaendelea. Gari lilisimama palepale, barabara ndiyo ikakimbia. Hatukuona kasoro yoyote. Naamini yeye ndiye aliyenivutia kwenye udereva, nikaishia kwenye kazi ya kuendeshwa kwa gia ya kwanza miaka yote.

Basi, mwenye duka mmoja wa Kasulu, mtu wa kwetu Tanga, akanipa habari kwamba amepata diski yenye filamu kumi na mbili, na mojawapo ni katuni yetu ile, safari hii imeigizwa na watu halisi. Nikaona dawa imepatikana. Mama angemwona dereva asiyeogopa, nami ningemfafanulia.

Jumapili alipotoka kanisani nikampeleka chumba cha nyuma cha duka. Mwenye duka akatupa viti na kashata, filamu ikaanza. Ilikuwa na rangi za pipi. Mawingu ya zambarau, magari yanang'aa kama masufuria mapya, watu wanacheka bila sababu. Nikasubiri mama ashangae magari. Alishangaa barabara.

"Vumbi lao wamelipeleka wapi?"

"Hao walishamaliza upembuzi yakinifu," mwenye duka akajibu.

Upembuzi yakinifu ndiyo hatua ambayo tuliambiwa kila mwaka kwamba barabara ya Kasulu kwenda Kibondo imefikia. Watoto wa hapa walilijua neno hilo kabla ya kuiona lami.

Dereva wetu akapaa na gari lake juu ya mwenzake. Nikasimamisha picha nikamweleza mama kwamba mambo haya ni ya kuigiza, ila ujasiri ni wa kweli. Baada ya dakika mbili nikaisimamisha tena, nikagusia mguu wa kulia.

"Ndugu yangu," mwenye duka akasema, "mtu yuko hewani tangu saa nane. Mwache atue."

"Nafundisha."

"Huyo angekuwa na wewe pembeni, mpaka leo angekuwa anatafuta ufunguo."

Mama alicheka mpaka kashata ikamponyoka. Kisha akasogeza kiti karibu na picha. "Mwalimu, humo ndani ya gari hakuna anayemwambia kitu?"

"Hakuna, yuko peke yake."

"Ehee," akasema, akaokota kashata yake.

Kesho yake asubuhi alinikuta nimeegemea gari. "Mwakeye, mwalimu," akanisalimia kwa Kiha. "Leo nakuomba kitu. Unyamaze."

Nikamweleza faida za maelezo. Akanisikiliza kwa heshima, akawasha gari.

Kilimani injini ilizima mara mbili. Mara ya tatu tulirudi nyuma mpaka nikashika mlango. Nilikuwa na maneno mengi sana mdomoni, na yote, nasema kwa haki, yalikuwa sahihi. Niliyameza. Mara ya nne akainama kidogo, akausikiliza muungurumo ukibadilika, akashusha breki ya mkono, na Corolla ikapanda. Alikuwa amefanya hatua ya tano kabla ya ya nne. Jambo hilo bado linanisumbua.

Siku ya mtihani nilisimama chini ya mlima. Gari likapanda, likasimama katikati, likakaa. Nyuma yake lori la ndizi likapiga honi. Gari likaendelea kukaa. Nilikuwa nataja hatua zote saba kwa sauti, hata muuza karanga aliyekuwa jirani yangu akahamisha sinia lake. Mara nikaona moshi, na herufi L ikapotelea juu.

Askari aliporudi akaniambia, "Huyu anajua. Ila haongei."

Leseni ilipotoka, mama aliniomba nimsindikize Rungwe Mpya. Kina mama walikuwa wamekusanyika, magunia yamepangwa kando ya njia. Shemeji alikuwa amekaa kwenye usukani wa pikapu, ufunguo mkononi, akitoa mafunzo kupitia dirishani. Gia ya tatu hutaka kubembelezwa. Mlango wa kushoto ufungwe kwa nguvu. Gari hili lina tabia zake, shemeji, si la mtu yeyote. Alieleza vizuri, hatua kwa hatua, na sikupenda nilivyoitambua sauti ile.

Mama alimsikiliza mpaka shemeji aliposita kuvuta pumzi. "Umemaliza?"

"Bado klachi."

"Klachi nitaonana nayo njiani. Shuka, shemeji, magunia yanangoja."

Kina mama wakaitikia kwa pamoja, na shemeji akashuka. Nami niliyekuwa nimeshafungua mdomo kuongeza neno dogo kuhusu klachi nikaufunga, nikasaidia kupakia magunia, kisha nikapanda nyuma kukaa juu ya maharage.