Shuka la Bluu

Mtaani kwao walimwita Refa, na hata baada ya kustaafu, miguu ikiwa haimruhusu tena kukimbiza hata kuku, filimbi haikutoka mfukoni mwake. Alikuwa amechezesha mechi za ligi za mitaani miaka nenda miaka rudi, akatukanwa kila tusi linalojulikana, na hakuwahi kuuza mechi hata moja. Ukimtajia mchezo wowote alikuambia nani alifunga, dakika ya ngapi, na nani alijiangusha kwenye boksi akagaagaa kama aliyevunjika mguu. Mkewe alikuwa msusi, mwenye saluni ndogo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, mwanamke wa mikono myepesi na mdomo usio na breki. Refa alimwita Kapteni, kwa sababu, alisema, kapteni peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kubishana na refa.

Mwanzoni yalikuwa mambo ya kuchekesha. Refa alitia chumvi kwenye chai. Akaenda dukani kununua kiberiti, akarudi, akaenda tena kununua kiberiti. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha asubuhi moja aliuliza kwa nini kaka yake haji kuwatembelea siku hizi, na kaka huyo walishamzika wao wenyewe, yeye Refa akiwa mbele kabisa ya jeneza. Msusi hakucheka tena.

Ndipo mteja mmoja, kichwa kikiwa kimesukwa nusu, alipomwambia kwamba chuo kikuu kinatafuta wazee wa kujitolea. Kuna timu inayochunguza jinsi ubongo unavyozeeka na unavyoharibika. Mtu hupigwa picha za ubongo na kuulizwa maswali, kila mwaka mara moja.

Timu yenyewe ilikuwa kwenye jengo la nyuma ya hospitali ya chuo, mwisho wa korido iliyonuka dawa ya sakafu. Mkuu wao alikuwa Profesa, mwanamke mfupi aliyevaa raba kazini na kutembea kama anayefukuzwa. Aliwaeleza bila kuficha kwamba wao hawatibu, wanatazama tu ili siku moja wengine waweze kutibu. Mashine ya picha ilikuwa sumaku kubwa, basi Refa akavuliwa saa, mkanda, na mwisho kabisa filimbi.

"Bila filimbi mimi ni mtazamaji tu, daktari."

"Utarudishiwa kipindi cha pili, baba," Profesa alisema.

Akalazwa, akaingizwa kichwa kwanza, mashine ikagonga na kunguruma. Alipotoka alisema mashabiki wa timu iliyofungwa nyumbani wana kelele tamu kuliko zile.

Baada ya hapo zikaja kazi za binti mmoja wa timu, ambaye wao walimwita dada wa maswali. Alimsomea Refa hadithi fupi, akamzungusha na maswali mengine kwa muda, kisha akamwomba aisimulie tena. Msusi alikuwa kwenye benchi koridoni, mlango haukufungika vizuri, na kazi ya msusi nusu yake ni kusikiliza. Hadithi aliidaka yote mara moja. Dobi mmoja alibeba mashuka kumi na mawili kuyapeleka kwenye nyumba ya wageni. Darajani mvua ikamkuta, furushi likamponyoka, likaangukia mtoni. Mchimba mchanga akaliopoa, lakini shuka moja la bluu lilichukuliwa na maji. Dobi akalia njia nzima. Mwenye nyumba ya wageni hakumgombeza. Alimpa mwavuli, akamwambia arudi kwake salama.

Refa alisema "dobi", akasema "mvua", akaishia hapo.

Walipofika nyumbani aliingia bafuni, akafungulia maji, na Msusi akamsikia analia humo ndani. Mwanamume huyu hakulia hata siku aliyopasuliwa kichwa kwa chupa, damu ikimtiririka na bado akaonyesha penalti. Alipotoka, macho mekundu, alisema, "Nimeshindwa na hadithi ya dobi, Kapteni. Mbele ya binti mdogo."

Sasa Msusi hakuwa mtu wa kukaa na kutazama mume wake akidhalilika. Alijua hadithi haitabadilishwa. Dada wa maswali mwenyewe alisema inabaki ileile ili mwaka huu ulinganishwe na uliopita. Mwaka wa pili ulipokaribia alianza kumfundisha. Akimkanda miguu jioni, dobi. Akimnyoa ndevu asubuhi, mashuka kumi na mawili. Akikosea, wanaanza upya.

"Kapteni, hii si faulo?"

"Hii ni mazoezi. Timu gani inaingia uwanjani bila mazoezi?"

Refa akacheka, akarudia. Na hivyo mtu asiyeuza mechi maisha yake yote aliuziwa mechi na mke wake mwenyewe, tena kwa mapenzi.

Mwaka ule aliisimulia yote, mpaka mwavuli. Profesa alikuja mbio na raba zake, akawaonyesha picha mbili kwenye kompyuta, ya mwaka jana na ya mwaka huu. Kuna kisehemu kidogo, alisema, kimoja kila upande, ndicho kinachopokea mambo mapya ili yasipotee. Cha Refa kilikuwa kimesinyaa, na pale kilipoondoka palijaa maji, panaonekana peusi. "Kwa picha hii, mzee asingekumbuka hata robo ya hadithi. Lakini anakumbuka yote. Huenda ubongo wake una akiba, labda kwa sababu ya kukimbia na kuamua papo hapo miaka yote ile." Timu nzima ikamzunguka. Refa alivimba kichwa kwa furaha. Msusi alitazama weusi ule, akajua kitu ambacho Profesa hakukijua.

Mwaka wa tatu weusi ulikuwa umepanuka, na Refa akasimulia bila kukosea neno. Profesa alishaanza kumtaja mzee huyu kwenye mikutano yao, mzee mmoja anayewapa moyo wa kuendelea na kazi. Siku ile aliwaambia pia kwamba wenzao wanaanza kujaribu dawa. Wanachukua watu ambao picha zinaonyesha ubongo umesinyaa na kumbukumbu yao ndiyo kwanza inaanza kuteleza. "Mzee wetu hayumo," alisema akitabasamu. "Kumbukumbu yake ni nzuri mno."

Maneno yalimjaa Msusi mdomoni. Angeyatema pale pale, yangekwisha. Lakini Refa alikuwa ndiyo kwanza amerudishiwa filimbi, dada wa maswali amempigia makofi, na uso wake uling'aa kama wa zamani. Kumwambia mbele ya watu wale kwamba yote ni uongo? Msusi akameza. Nitampigia Profesa simu kesho, alijiambia. Kesho ikawa wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa baada ya mvua. Mlaumu ukitaka. Kila usiku alijilaumu mwenyewe kuliko utakavyoweza wewe.

Katika mwaka huo Refa aliporomoka. Alipotea kati ya kitanda na choo. Aliogopa kioo. Akaacha kumwita Kapteni, na Msusi, aliyewahi kulalamika kwamba jina hilo linamfanya aonekane mwanajeshi, alilisubiri siku nzima kama mtu anayesubiri mgonjwa afumbue macho.

Mwaka wa nne hakumfundisha neno. Alikwenda kukiri, akaomba akae chumbani. Muda wa kusimulia ulipofika, Refa alijifuta macho kwa kiganja.

"Mke wangu ni dobi," alisema. "Alibeba mashuka kumi na mawili." Akaeleza daraja, mvua, mchimba mchanga, mwavuli. Hakuacha kitu. "Alilia njia nzima, mke wangu. Tangu siku ile sijamwona."

Kalamu ya dada wa maswali ilisimama. "Na huyu mama aliyekaa hapa, baba?"

Refa akageuka, mpole. "Huyu ni msusi. Ananiogesha, ananilisha. Mama mwema sana."

Msusi alimkuta Profesa mbele ya kompyuta yake akamwambia yote, bila kupumua. Profesa alivua miwani. Akaifungua tena ile picha ya mzee aliyewapa moyo.

"Mwaka jana angeingia kwenye dawa?" Msusi aliuliza.

"Angeingia."

"Na sasa?"

"Amechelewa, mama. Wanachukua wanaoanza."

Msusi akapiga magoti, akazishika raba za Profesa kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, nakuomba. Niandike mimi ni mwongo, nitangaze, nifunge. Yeye hakukosa. Mwingize."

"Hata hiyo dawa hatujui kama inasaidia, mama. Inuka. Tafadhali inuka."

Profesa alidhani anamfariji. Msusi aliinuka kwa sababu tu mume wake alikuwa peke yake koridoni.

Refa alikuwa kwenye benchi, filimbi mkononi, akitazama kila anayepita mlangoni. Msusi akajifuta uso, akakaa karibu naye.

"Dobi wangu hajafika tu?" Refa aliuliza.

Alitaka kumpigia kelele jina lake mwenyewe. Alitaka kumtikisa. Badala yake akasema, "Nimefika, mume wangu."

Refa akamtazama sana. "Na lile shuka la bluu?"

"Limepatikana."

"Basi usilie tena." Akamshika mkono na kuukaza, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Kisha akamsogelea sikioni, kama mwenye siri. "Yule msusi ni mtu mwema. Lakini mwambie kesho asije. Wewe umesharudi."

"Nitamwambia," Msusi akasema.