Chombo Kilichonuka Moshi wa Mama

Kwetu, mama humsukia binti yake chombo cha maziwa kwa mizizi ya porini. Tunakiita gorfa. Kikishakamilika, hukifukiza ndani kwa vijiti vinavyowaka. Moshi huo huzuia maziwa kuharibika upesi, na ndio huyapa ladha ya nyumbani. Changu kilichelewa. Macho ya mama yalianza kufifia akiwa bado anasuka, na alipokimaliza alinipigia simu kutoka Korbesa. "Hiki ndicho cha mwisho," alisema. "Mikono inataka, macho yamekataa."

Akampa dereva wa gari la Merti akilete mjini. Tangu hapo nikawa mfungwa wa nyumba yangu Bulla Pesa. Ploti zetu hazina namba. Nilimwelekeza dereva geti la bluu nyuma ya msikiti, na mageti ya bluu huku yamejaa. Sokoni sikwenda. Nilifua nguo nikitazama geti, na kila honi iliponitoa nje, lilikuwa gari la maji. Dereva alipopokea simu alisema, "Mama, nimeingia mjini," kisha simu yake ikazimwa hadi kesho yake.

"Hiyo gari inakuja kwa miguu?" jirani yangu Mmeru wa chumba cha pili alinitania.

"Imepitia Gotu kusalimia watu."

"Basi waambie salamu zimetosha!"

Mwishowe nikachoka, nikaenda steji kumtafuta dereva. Baada ya kuzunguka sana nilimkuta anakunywa chai.

"Salaam aleikum, mama. Mbona uko huku? Mzigo nimeuacha kwako kitambo kidogo. Jirani amepokea."

Nilirudi mbiombio. Gorfa ilikuwa imening'inizwa kwenye kamba ya nguo, mdomo chini, ikidondosha maji. Jirani alikuwa anafuta mikono, uso umejaa furaha.

"Dada, ilikuwa inanuka moshi, na ndani weusi mtupu! Nimekusugulia kwa sabuni na maji moto. Hebu angalia sasa."

Niliingiza pua ndani. Harufu ya limau ya sabuni. Nilitafuta moshi wa mama pembe zote, sikuupata. Kumgombeza sikuweza, kwao chombo kisafi ndivyo kinavyonuka. Nilimshukuru, kisha nikamweleza polepole kwamba moshi ule aliutia mama, naye akashika mdomo.

"Wuui! Nimekuoshea mama yako?"

Tulicheka, ingawa mimi machozi yalikuwa karibu. Jioni nilimpigia mama. Nilikusudia kumficha, lakini sauti ilinisaliti. Akauliza tu kama msuko umefumuka popote.

"Haujafumuka."

"Basi kilete. Nitakifukiza tena. Kufukiza hakutaki macho, nanusa tu mpaka harufu itoshe."

Kimekauka sasa, kivulini. Gari la Merti huondoka asubuhi. Safari hii simpi dereva. Nitakipakata mwenyewe, hadi mlangoni kwa mama.