Nilivyonyoosha mlango wa lori la marehemu

Leo nimejua niliharibu kitu nikidhani natengeneza.

Mnajua kazi yangu hapa Machakos, kuunda na kurekebisha magari madogo ya modeli. Wiki jana Mama Mutheu, mjane kutoka Kalama, aliniletea lori dogo la bati. Marehemu mumewe alikuwa dereva, na aliliunda mwenyewe lifanane na lori alilokuwa akiendesha.

"Nirekebishie gurudumu tu," akasema.

Gurudumu tu! Lakini mimi na sifa zangu, nikaona mlango umebonyea. Nikaunyoosha, nikapiga msasa, nikapaka rangi mpya mpaka ukang'aa.

Leo amekuja kulichukua. Akapapasa ule mlango, akapapasa tena.

"Kale kashimo kako wapi?"

"Nimenyoosha, mama. Hiyo ni bure."

Akaketi. "Siku ya harusi yetu aligonga geti ya kanisa na lori, mlango ukabonyea. Huu mdogo aliubonyeza mwenyewe na nyundo, ndio tukiuona tucheke."

Jamani.

Nikachukua nyundo, nikamwambia naweza kukarudisha.

"Wacha, mwanangu. Hako katakuwa kako, si kake."

Akanishukuru kwa gurudumu, akaenda.

Hata chai imenishinda. Nyinyi mngemwambia nini?